Unaishi Mumbuni, Unataka Ubao wa Baharini: Ununue Upi?

Swali hili limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona heri nilijibu mara moja kwa wote. Anayeuliza huwa mtu wa huku kwetu: mwalimu wa Mumbuni, kijana wa Kathiani anayefanya kazi Athi River, mke na mume wanaopeleka watoto Pwani kila Agosti. Amekwisha kusimama juu ya ubao wa kafi kwenye kriki ya Kilifi, au ndani ya mwamba kule Diani, akaona kumbe anaweza. Halafu akawaona wenzake wakitoka nje ya mwamba, upepo mgongoni, wanaserereka kutoka wimbi moja hadi jingine mpaka wanapotea machoni. Sasa naye anataka ubao wa kazi hiyo, na madukani anatajiwa majina kumi asiyoyajua.

Jibu langu la haraka ni hili. Kama uzito wako ni kilo 70 hadi 80 na hujawahi kuvuka mwamba ukiwa umesimama, tafuta ubao wa mashindano wa futi 14, upana wa inchi 27 au 28, ujazo wa lita 290 hivi, wenye pua iliyoinuka. Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo mtu wa Pwani hahitaji kuliwaza na wewe huwezi kulikwepa.

Ubao utalala wapi?

Futi 14 ni mita 4 na sentimita 27. Ubao mgumu wa urefu huo hauingii kwenye behewa la SGR, hauingii kwenye basi, na juu ya gari dogo unatokeza mbele na nyuma kwa kilomita zaidi ya mia nne, kuanzia Kyumvi hadi Mombasa, huku malori yakikupita na kuupiga kwa upepo wake. Inawezekana, watu hufanya. Ila ukishafanya mara mbili utaanza kutafuta visingizio vya kutokwenda.

Kwa hiyo amua kwanza uko kundi gani:

- Una mahali pa kuuacha Pwani. Kwa ndugu, kwa rafiki, au kituo cha michezo ya majini kinachokubali kuhifadhi kwa malipo ya mwezi. Nunua ubao mgumu. Hakikisha unalala kivulini, si chini ya mabati yanayochoma, na kwamba makubaliano yanasema wazi kama kuna mtu mwingine anaruhusiwa kuutumia.
- Huna, lakini unakwenda kila likizo. Ubao wa kujazwa upepo wa futi 14 ndio wako. Unakunjwa, unaingia kwenye begi la mgongoni, unapanda nao Madaraka Express kama abiria mwingine yeyote mwenye mzigo mkubwa.
- Unakwenda mara moja kwa mwaka. Usinunue. Kodi. Hela iliyobaki lipia mwalimu na mashua ya kukufuata.

Najua kundi la tatu halipendi kusikia hivyo. Lakini ubao unaokaa Mumbuni miezi kumi na moja ukiegemea ukuta wa jikoni huzeeka sawasawa na ule unaotumika, na pengine haraka zaidi.

Kuhusu wa kujazwa upepo, wauzaji watakuambia ni sawa na mgumu. Si kweli. Unakaa juu ya maji kama boya, kwa hiyo upepo wa ubavuni unausukuma. Na wimbi likiinua pua na mkia kwa pamoja, katikati panabonyea na ule mwendo uliokuwa umeupata unapungua. Hata hivyo unaelea vizuri, hauvunjiki ukigonga tumbawe kidogo, na ukiuangukia hautakuvunja mbavu. Kwa mtu wa bara anayeanza, kasoro zake zinavumilika. Chagua uliotengenezwa kubeba angalau psi 15, na kama umewekewa kamba au ukanda mgumu wa kuzuia kubonyea katikati, bora zaidi.

Unakwenda Agosti au Desemba?

Hili nalo hubadilisha ubao. Agosti utakutana na kusi. Desemba kuendelea hadi Machi, ni kaskazi.

Kusi hushika kuanzia Aprili mpaka kama Septemba, na miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo bahari huchafuka kikwelikweli. Upepo huo hukupeleka upande wa kaskazini, na mkondo wa bahari wa pwani yetu nao huelekea kaskazini, kwa hiyo vyote viwili vinakwenda njia moja. Mawimbi huwa makubwa lakini yamenyooka na kuachana. Ubao mrefu huyafurahia: unapata mwendo, unashuka wimbi, unakuwa na nafasi ya kupumua kabla ya lile la mbele.

Kaskazi hukupeleka kusini, na hapo ndipo wengi hushangaa. Upepo ni mwepesi kuliko wa kusi, jua linawaka, bahari kwa mbali inaonekana ya kirafiki. Lakini sehemu hii yetu, kusini ya Malindi, mkondo unaendelea kwenda kaskazini, dhidi ya upepo. Vitu hivyo viwili vikikutana mawimbi huwa mafupi, yamesimama wima, na yamebanana. Ubao wenye pua ya chini huchimba: unashuka wimbi, pua inaingia kwenye mgongo wa wimbi la mbele, wewe unaendelea na safari peke yako.

Kama likizo zako ni za Desemba, basi pua iliyoinuka kwako ni sharti la kwanza, hata kabla ya upana.

Vipimo, kimoja kimoja

*Urefu.* Futi 14. Ndiyo saizi ya kawaida ya mashindano, na ndiyo utakayoipata kwa urahisi hata kwa mitumba. Futi 12 na inchi 6 inafaa kwa kijana au mtu mwepesi, tuseme chini ya kilo 60. Zipo pia mbao ndefu zaidi ya hapo, zenye usukani wa kuongozwa kwa mguu, kama zile zinazoonekana kwenye mbio za Molokai hadi Oahu kule Hawaii, kilomita 51 za bahari ya wazi. Ziache huko huko.

*Upana.* Hapa ndipo pesa hupotea. Muuzaji atakuonyesha ubao wa inchi 23 wa bingwa fulani, mwembamba, mzuri, na utaambiwa utauzoea. Kwenye bwawa lililotulia utauzoea. Nje ya mwamba wa Vipingo, mawimbi ya upepo yanatoka nyuma, mengine yanarudi kutoka mwambani, na mengine yanakuja ubavuni kutoka bahari kuu. Ukiwa unayumba, nguvu zako zote zinaishia kwenye vifundo vya miguu. Hakuna inayobaki ya kupiga kafi pale wimbi linapofika. Mtu aliyetulia kwenye inchi 28 humwacha mbali anayetetemeka kwenye inchi 24. Wanaoanza hukataa jambo hili mpaka waone kwa macho.

*Ujazo.* Lita zinazoandikwa kwenye ubao zinakuambia utabeba kilo ngapi bila kuzama kupita kiasi. Makisio yangu ya kuanzia, upana na ujazo pamoja:

- Chini ya kilo 65: inchi 26, lita 240 hadi 270
- Kilo 65 hadi 80: inchi 27 au 28, lita 270 hadi 300
- Kilo 80 hadi 95: inchi 28 au 29, lita 300 hadi 330
- Zaidi ya kilo 95: inchi 29 au 30, na lita zaidi ya 330

Jipime na kila utakachovaa: jaketi, maji ya kunywa, simu. Na jipime kwa mizani. Uzito wa miaka mitano iliyopita hauhesabiki.

*Mpindo.* Yaani jinsi pua na mkia vinavyoinuka. Mbao za maji matulivu zimenyooka na pua yake hukata maji kama shoka. Za kukimbia na upepo zina pua inayonyanyuka na yenye mwili kidogo, ili ikizama irudi juu yenyewe. Namna ya kuona tofauti ni rahisi: toa pezi, laza ubao kwenye sakafu ya sementi iliyonyooka, chuchumaa ubavuni, kisha pima kwa futikamba umbali kutoka sakafuni hadi ncha ya pua. Fanya hivyo kwa mbao mbili au tatu zilizoko dukani. Utaona moja inakaribia kulala chini, nyingine ncha yake imeinuka waziwazi. Wewe chukua iliyoinuka.

*Pa kusimamia.* Nyingine ni bapa, nyingine zimechimbwa kama mtumbwi. Zilizochimbwa hukushusha karibu na maji na hivyo unatulia zaidi, lakini wimbi likiingia, maji yanabaki nawe. Mwaga ndoo nzima ya maji pale unaposimama na uangalie yanatoka kwa haraka gani kupitia matundu. Kama bado yapo baada ya wewe kuhesabu kumi, sio wa baharini huo.

*Mkia.* Mpana hutulia, mwembamba hugeuka upesi. Kwa anayeanza, mpana. Tuendelee.

*Pezi.* Kina cha sentimita 20 hivi, lenye shina pana, na liwe linaingia kwenye kisanduku cha kawaida cha Kimarekani ili uweze kubadilisha. Msimu wa kusi mwani ni mwingi. Nunua na lile la pili lililolala kuelekea nyuma, ambalo mwani huteleza juu yake na kuachia. Pezi lililofungwa mwani hukufanya uhisi umechoka kumbe unaburuta bustani.

Majina utakayoyasikia

SIC Bullet na Naish Maliko zilibuniwa kwa kazi hii hasa, na jina Maliko limetoka kwenye bonde la Maui ambako wapiga kafi huanzia safari zao za upepo. Starboard All Star ni ya huku na huku: bahari inaiweza, na maji matulivu inayaweza. Starboard Sprint ni ya maji matulivu. Ukiipata kwa bei ya kutupa Pwani, jiulize kwa nini mwenyewe anaiacha. Muundo wa kila moja hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo jina lisikutoshe. Rudi kwenye futikamba na sakafu.

Kaboni au faibaglasi? Kaboni ni nyepesi na ghali, na ikigongwa hupasuka bila huruma. Ubao wako utabebwa na vijana wa ufukweni, utagonga ukuta wa stoo, utaegemezwa mnazi. Faibaglasi yenye kilo mbili zaidi itakudumu. Na ubao mweusi wa kaboni ukiachwa mchangani saa sita mchana hupata joto kiasi cha ganda kuanza kubanduka na povu la ndani.

Ujaribu hivi kabla ya kulipa

Usiujaribu asubuhi maji yametulia. Kila ubao ni mzuri asubuhi. Ngoja alasiri upepo ushike, maji yawe yamejaa, ubaki ndani ya mwamba, mtu akuangalie kutoka ufukweni. Kisha:

1. Piga kafi dakika kumi dhidi ya upepo. Lengo ni uchoke.
2. Geuka ubavu wa upepo, mawimbi yakupige kutoka upande mmoja. Kaa hivyo dakika tano. Hapa ndipo ukweli hujitokeza.
3. Acha kupiga kafi. Simama tu. Ubao unaokutaka upige kafi ili usianguke utakuangusha siku umechoka.
4. Rudi nyuma hatua mbili kuelekea mkiani, kisha mbele tena. Kwenye mawimbi utafanya hivyo muda wote: nyuma unaposhuka, mbele unapotaka kulikamata lijalo.
5. Anguka makusudi na upande tena, mara tano mfululizo. Kama mara ya tano huwezi, huna mazoezi ya kutosha au ubao si wako.
6. Sasa ndipo ugeuke, upepo mgongoni, ufurahie.

Wengi hufanya namba sita peke yake na kutoa pesa. Vidole vya miguu vikikuuma kwa sababu unashikilia ubao kwa kucha, chukua ulio mpana zaidi kwa inchi moja. Muuzaji asiyekubali jaribio hili mwache na ubao wake.

Mnayonipinga nayo

*"Nikinunua mpana nitauchoka baada ya mwaka."* Huenda. Basi utauuza kwa mtu wa Mumbuni anayeanza, na bei haitakuwa imeshuka sana, kwa sababu wanaotafuta mbao pana ni wengi kuliko wanaotafuta nyembamba.

*"Niliona wanaopaa juu ya maji kwa foili. Si ninunue hiyo moja kwa moja?"* Foili ni mguu mrefu unaoning'inia chini ya ubao. Pwani yetu ina mwamba karibu mfululizo kuanzia Malindi hadi Vanga, na siku za bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne. Ulipopita maji yakiwa yamejaa, saa tano baadaye ni matumbawe makavu. Jifunze bahari kwanza.

*"Sijui kuogelea vizuri, lakini nitavaa jaketi."* Hapana. Sina jibu la kukubembeleza. Tafuta bwawa la kuogelea hapa Machakos au Nairobi, jifunze mpaka uweze kuogelea mita mia nne bila kupumzika na kuelea dakika kumi. Sisi wa bara tunapenda kulirukia hili, na ndilo la kwanza.

*"Mazoezi nitafanyia wapi nikiwa huku?"* Bwawa la Maruba liko karibu, ila ndilo chanzo cha maji ya mji, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuweka hata mguu. Ukiruhusiwa, litakufaa kwa kafi na kwa hatua za miguu. Halitakuambia chochote kuhusu ubao wa bahari. Masinga ni kubwa na upepo upo, lakini viboko na mamba wapo pia. Usiende na ubao.

Wa mtumba

Nyingi utakazopewa bei nzuri ni za watu wanaohama nchi au za vituo vinavyobadilisha vifaa. Sio vibaya. Nenda na sarafu, mizani ya kuning'iniza, na mtu mwenye subira.

- Gonga ubao wote kwa sarafu, kutoka pua hadi mkia. Sauti ni moja, kavu. Ikigeuka kuwa nzito au tupu mahali fulani, ganda limebanduka.
- Bonyeza kwa dole gumba pale visigino vinaposimama. Pakibonyea, ondoka.
- Upime uzito na ulinganishe na ulioandikwa na mtengenezaji. Ukizidi kwa kilo mbili au tatu, maji yako ndani ya povu, na hayatoki.
- Tikisa pezi likiwa limekazwa. Kisanduku kikicheza, fundi atakula pesa ulizookoa.
- Angalia tundu la kamba ya mguu. Likiwa na nyufa pembeni, hilo ndilo litakalokatika.
- Wa kujazwa upepo: ujaze kabisa, uache usiku kucha, urudi asubuhi na kipimo. Paka maji ya sabuni kwenye mishono na kwenye vali.

Kama unaagiza kutoka nje, omba wakala wa forodha akufanyie hesabu kabla hujalipa popote. Ushuru hukokotolewa juu ya bei ya ubao pamoja na nauli na bima, kisha kuna VAT ya asilimia 16 juu yake, na ada nyingine. Nauli ya kitu cha mita nne huhesabiwa kwa nafasi kinayokula, sio kwa kilo. Njia ya bei nafuu ni kujumuika wanne au watano na kuagiza pamoja.

Vitu ambavyo usipokuwa navyo ubao hauna maana

Kamba ya mguu kwanza. Ukianguka nje ya mwamba bila kamba, upepo unaupeleka ubao kwa mwendo ambao hakuna mwogeleaji anaufikia. Tumia ya kujikunja kama ya simu za zamani, isiburute majini, na uikague kila safari: vuta kwa nguvu, angalia velkro kama imejaa mchanga. Nunua ya akiba. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachokurudisha nyumbani.

Jaketi la kuokolea maisha linalokukaa mwilini, lenye filimbi. Yale ya mkanda wa kiunoni unayovuta kamba yajae ni mepesi, lakini anayeanza achukue lile la kuvaa kabisa. Simu ndani ya mfuko usioingiza maji, umefungwa mwilini mwako. Ukiufunga ubaoni, ubao ukienda umeenda na simu.

Kafi: urefu wako kujumlisha sentimita 15 hadi 20, bapa dogo kuliko la maji matulivu. Kukimbia na upepo ni kupiga mapigo machache ya nguvu, kupumzika, kisha kupiga tena, na bapa kubwa humaliza mabega.

Safari ya kwanza iwe ipi

Ubao hauwezi kukuokoa na njia mbaya. Tuchukue mfano wa Kilifi wakati wa kusi. Kutoka Takaungu hadi mdomo wa kriki ya Kilifi ni kilomita chache. Hiyo ndiyo safari ya anayeanza. Kutoka Vipingo ni takriban kilomita 20, na kutoka Mtwapa ni zaidi ya 30. Usianze na hizo mbili.

Mambo ya kuangalia:

- Kusi na kaskazi zote hukusukuma kidogo kuelekea pwani, maana yake mwambani. Kaa nje ya kutosha, na ujue mlango wako wa kuingilia kabla hujatoka. Uone kwanza ukiwa nchi kavu, maji yakiwa yamekupwa, ili ujue mwamba unaishia wapi.
- Usifike mdomo wa kriki maji yakiwa yanatoka. Maji ya kriki yakikutana na mawimbi yanayoingia, hapo pataumuka na kuvunjika. Panga ufike maji yakijaa, karibu kufikia juu.
- Waulize wavuvi wa Mnarani au wa Takaungu asubuhi hiyo hiyo. Wakikwambia leo hapana, hakuna programu ya hali ya hewa kwenye simu yako inayojua zaidi. Umlipe mmoja akufuate na mashua.
- Epuka mlango wa Kilindini, Mombasa. Ni njia ya meli, na meli haikuoni wala haiwezi kukukwepa.
- Ukipita ndani ya hifadhi ya baharini kama ya Watamu au Malindi, kuna ada na masharti ya KWS. Ulizia mapema.
- Usitoke peke yako. Mwambie mtu wa nchi kavu unapotoka, unapofikia, na saa ya kupiga simu.

Kupanda na kushuka: hewa iliyomo ndani ya ubao

Hili wauzaji wa Pwani hawakuambii kwa sababu mbao zao haziondoki Pwani. Machakos iko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Huku juu uzito wa hewa ni pungufu ya ule wa Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Ubao mgumu uliofungwa hewa ya Mombasa, ukifika Mumbuni, hewa hiyo inataka kutanuka na kusukuma ganda kutoka ndani. Weka na jua la njiani pale Mtito Andei, ubao ukiwa juu ya gari saa saba mchana, na utafika nyumbani na uvimbe.

Mbao nyingi ngumu zina skrubu ndogo ya kupumulia, kwa kawaida karibu na mpini wa kubebea. Nyingine zina utando unaojipumulia wenyewe. Muulize mwenye ubao ni upi wako. Kama ni wa skrubu, ilegeze kabla ya kuondoka Pwani na uiache hivyo safari nzima. Iache legevu pia ubao ukiwa umehifadhiwa nyumbani.

Wa kujazwa upepo hesabu yake ni nyingine. Ukiujaza psi 15 hapa Mumbuni kisha ukaushusha Pwani bila kuufungua, kipimo kitasoma kama 12 na nusu na utaona umelegea, ongeza. Ukiujaza psi 15 Pwani na kuupandisha huku ukiwa umejaa, utasoma karibu 18 kabla hata ya jua kuongeza yake. Utoe upepo, uukunje, usafiri nao kwenye begi.

Na ile skrubu: kabla ubao haujagusa maji, ikaze tena, kwa mkono, mpaka mpira wake ubane. Maji yakiingilia hapo, povu linanyonya na huuzi tena ubao huo. Funga kifunguo chake kwenye kamba ya mguu, ili usiweze kuvaa kamba bila kukiona.